Sanduku la Shemeji: kutoka Leicester hadi New Jersey na kurudi

Jumanne, 28 Oktoba. Leicester

Sanduku limefika kilo 23 kamili kwenye mizani ya Bibi, na bado kuna pakiti mbili za krispi juu ya kochi hazina pa kukaa. Bibi ni mama yake shemeji, Mwingereza wa hapa hapa Leicester, ana miaka 78. Mwanawe alihamia Marekani miaka mitatu iliyopita kwa kazi ya kampuni ya dawa, akaenda na dada yangu na watoto wao wawili. Tangu hapo kila anayekwenda kuwatembelea hukabidhiwa orodha, na safari hii zamu ni yangu.

Orodha yenyewe hii hapa: majani ya chai ya Yorkshire, pakiti mbili za vifuko 240. Marmite, ile hamira nyeusi ya kupaka mkate, chupa kubwa. Chokoleti ya Cadbury, "ya kwetu, si ya huku". Krispi za Walkers za jibini na kitunguu, zile za pakiti ya buluu, ambazo kiwanda chake kiko hapa mjini. Sosi ya HP. Maua mekundu ya karatasi ya kubandika kifuani, manne. Mstari wa mwisho ni mwandiko wa dada: bizari ya pilau na doti mbili za khanga.

Nimekaa Uingereza miaka 14, na miaka yote hiyo nimekuwa nikituma orodha za namna hii nyumbani Tanga: mchele, dagaa, udi. Leo namfungashia Mwingereza vya kwao, na nimejikuta nazikunja zile pakiti kwa uangalifu uleule ambao mama yangu huutumia kufunga dagaa wangu kwenye gazeti, tabaka tatu, harufu isitoke.

Bibi alitaka kuongeza pai ya nyama ya nguruwe ya Melton Mowbray. Nikamweleza kwamba forodha ya Marekani haitaipitisha. Akaleta mayai ya chokoleti ya Kinder, yale yenye kidoli ndani, kwa ajili ya wajukuu. Nayo hayapiti: sheria ya chakula ya kule, ya mwaka 1938, inakataza peremende yenye kitu kisicholiwa ndani yake. Akayarudisha kabatini polepole, moja moja, bila kusema neno.

Jumatano, 29 Oktoba. Heathrow hadi Newark

Basi la alfajiri, halafu saa nane angani. Forodhani nikasema wazi kwamba nina vyakula. Ofisa akaufungua mfuko wa bizari, akaunusa, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni viungo vya wali. Alipofika kwenye zile pakiti mbili za chai hakuuliza tena, akatabasamu na kunifungia zipu mwenyewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

Shemeji alikuwa nyuma yake, amemshika kila mtoto kwa mkono mmoja. "Karibu, shemeji," akasema kwa Kiswahili chake alichojifunza mwaka ule tulipokwenda kumposa dada kwa wazee. Watoto wakanirukia: Mama mdogo! Mama mdogo!

Nyumbani kwao ni mji mdogo karibu na Edison. Hatujakaa hata kidogo, shemeji akafungua sanduku palepale sakafuni jikoni. Akatoa kifuko kimoja cha chai, akakinusa huku amefumba macho, akakitia kikombeni na kusimama mbele ya birika la umeme kusubiri. Tukasubiri. Umeme wa Marekani unaoingia kwenye soketi za jikoni ni wa volti 120, wa Uingereza ni 230, kwa hiyo birika la hapa lina wati 1,500 hivi wakati la kule hufika 3,000. Lita moja ya maji ambayo kwa Bibi huchemka kwa dakika mbili, hapa huchukua dakika nne na ushei. Wamarekani wengi hawalihitaji birika kwa sababu wao ni watu wa kahawa, na shemeji akiagiza chai mgahawani aghalabu huletewa maji ya vuguvugu na kifuko kikiwa pembeni kwenye sahani. Hilo limemuuma kuliko nilivyodhani.

Nikamuuliza kama chai ya Yorkshire haiuzwi huku. "Ya dukani naipata, shemeji," akanijibu. "Lakini hii imetoka nyumbani kwa mama."

Ndani ya kile kifuko mna majani ya Kenya na Rwanda yaliyochanganywa na ya Assam, India. Yale ya Kenya yanashuka Mombasa kwenye mnada, yanapanda meli, yanafungwa Harrogate kule Uingereza, na mimi mtoto wa Tanga nimeyabeba hadi New Jersey. Nilimweleza mpwa wangu wa kiume haya yote. Akachukua tufe la dunia kutoka chumbani kwake na kuipitisha njia hiyo kwa kidole.

Alhamisi, 30 Oktoba. Nyumbani

Asubuhi nilitaka kwenda dukani kununua maziwa. Dada akanipa ufunguo wa gari. Nikasema nitatembea, akacheka, akaniacha niende. Njia ya waenda kwa miguu iliishia baada ya nyumba sita, ikabaki barabara na nyasi za watu. Madereva wawili walisimama kuniuliza kama gari langu limeharibika na kama nahitaji msaada. Nimeyaona mambo mawili kwa mpigo: kwa nini shemeji anatamani kile kiduka cha kona ya mtaa wao Leicester, na kwa nini hawezi kuwasema vibaya watu wa hapa.

Maana wema wao ni wa kweli. Juma walilohamia, majirani watatu walibisha hodi na vyakula mikononi, mmoja na pai ya tufaha ikiwa bado ya moto. Shemeji anasema mtaani kwao Uingereza aliishi miaka tisa ukuta kwa ukuta na mtu ambaye jina lake alilijua kwa bahasha zilizopotea njia. Hapa mtu wa nyuma yako kwenye foleni anakusimulia harusi ya binti yake.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, alinieleza jambo ambalo halijaniondoka kichwani. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha soksi. "Uingereza nikifungua mdomo tu, mtu ameshajua nilikulia mtaa gani na baba alifanya kazi gani," alisema. "Kwenye mikutano nilikuwa nahesabu maneno. Hapa wanasikia Mwingereza basi, na wanapenda kusikiliza. Nimeongea zaidi miaka hii mitatu kuliko kumi ya nyuma." Nimefanya kazi ya kutunza wazee Leicester miaka yote hii na nimezoea kudhani kwamba mgeni kwenye lafudhi yao ni mimi. Sikujua kwamba hata mzaliwa anaweza kubanwa na lugha ya mama yake.

Kisha dada akaleta bahasha. Machi mtoto wa kiume alianguka kwenye trampolini akavunjika mkono, akafungwa hogo wiki sita. Bima wanayo, ya kazini, tena nzuri. Hata hivyo zilikuja bahasha nne kutoka kwa watu wanne tofauti: hospitali, daktari wa mifupa, daktari aliyeisoma picha ya eksirei, na wenye gari la wagonjwa. Kabla ya hizo ilitangulia karatasi ya bima iliyoorodhesha maelfu ya dola na kuandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Dada alilia kwa ile karatasi ambayo si bili. Zilizokuwa bili zenyewe walizilipa kidogo kidogo hadi Agosti.

Nilikuwa namwangalia shemeji wakati dada anasimulia. Huyu ni mtu aliyezaliwa ndani ya NHS, mfumo wa afya wa kwao ulioanza Julai 5, 1948. Anaijua foleni yake, na Bibi amesubiri nyonga mpya miezi kumi na minne. Lakini hajawahi maishani kumbeba mtoto anayelia na papo hapo kujiuliza bei. "Nililifikiria gari la wagonjwa mara mbili," akasema. "Mara mbili, shemeji. Mtoto analia." Hakuendelea, na mimi sikumwuliza.

Mshahara wake umepanda sana, hilo halina ubishi, na nyumba hii wasingeiota Leicester: vyumba vinne, ua wenye mwaloni, karakana ya magari mawili. Likizo ndiyo imenyauka. Sheria ya Uingereza humpa anayefanya kazi siku tano kwa wiki angalau siku 28 zenye malipo kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimpi hata siku moja, inabaki hisani ya mwajiri. Yeye amepewa 15, na katika hizo anatakiwa kumwona mama yake.

Ijumaa, 31 Oktoba

Halloween, usiku wa watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kuomba peremende mlango kwa mlango. Hata Leicester ipo siku hizi, ila si hivi. Kuanzia saa kumi na moja jioni mtaa mzima ulijaa watoto, maboga yenye mishumaa kwenye kila baraza, wazee wamekaa kwenye viti nje na mabakuli ya peremende mapajani. Majani ya miti yamegeuka mekundu kama makaa. Mpwa wangu wa kike alivaa kipepeo, mbawa zikiwa khanga ya doti niliyomletea dada. Shemeji alizunguka nao hadi saa mbili usiku. Akiulizwa anapenda nini Marekani, huu usiku huutaja wa kwanza, kabla ya mshahara.

Jumamosi, 1 Novemba. Kearny

Leo ndiyo siku niliyoingoja. Kearny ni mji wa viwanda kando ya Newark, na Waskoti walianza kumiminika pale miaka ya 1870, kampuni ya nyuzi ya Clark ya Paisley, mji wa Uskoti, ilipofungua viwanda vyake upande huu wa bahari. Baadaye kikaja kiwanda cha linoleamu, lile zulia gumu la sakafuni, cha Nairn, nacho cha Uskoti. (Sisi kwa Kiswahili tunawaita wote Waingereza. Mskoti ukimwita hivyo atakusahihisha, na ana haki.) Walikuja na mpira wao. Hapo ndipo walipokulia John Harkes, Tony Meola na Tab Ramos, ambao wote watatu walikuwamo katika timu ya Marekani ya Kombe la Dunia 1990 na tena 1994.

Viwanda vimekwenda, na Kearny ya leo unasikia Kireno na Kihispania barabarani. Ila kwenye Kearny Avenue bado wapo wauza samaki na chipsi, na bucha lenye pai za nyama na rafu nzima ya bidhaa za Uingereza. Tuliingia mkahawa wa Argyle. Samaki amefunika sahani, unga wake umevimba na kukauka sawasawa, chipsi nene zisizokauka ndani, siki ya kahawia mezani. Shemeji alimwaga siki hadi nikahisi puani. Alikula kimya. Nusu ya sahani ndipo alipoinua kichwa akasema, "Sawa," na tukajua ni sawa.

Alikuwa amevaa kifuani lile ua jekundu nililomletea. Waingereza huvaa ua hilo Novemba kukumbuka wafu wa vita hadi tarehe 11. Wamarekani tarehe hiyo huadhimisha waliowahi kuwa askari, na ua hilo huwaoni nalo. Mzee mmoja wa meza ya pili, kofia ya sufu kichwani, alilitazama, akanyanyuka kwa shida, akaja. Hakutuuliza tunatoka wapi. Aligusa ua kwa ncha ya kidole, akamwuliza shemeji kama analo jingine. Nilikuwa nalo moja kwenye mkoba. Shemeji akambandika mwenyewe, pini ikamsumbua, yule mzee akasimama wima kama mtoto anayevishwa sare ya shule.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu Novemba ina makaburi yake, ya askari waliotolewa India kuja kupigana na Wajerumani Novemba 1914, siku tatu tu, nyuki wakiwashambulia porini. Kwa hiyo ua lile nalielewa kwa njia yangu.

Jumapili, 2 Novemba

Bibi hupiga simu kila Jumapili saa kumi na moja jioni ya Leicester, ambayo ni saa sita mchana hapa. Jumapili iliyopita Uingereza ilirudisha saa nyuma, na Marekani hurudisha wiki moja baadaye, yaani leo usiku wa manane. Kwa hiyo siku ile saa sita ilifika, simu kimya. Shemeji alisahau habari ya saa. Dada anasema alikaa na simu mkononi jikoni, akapiga mara tatu haikupokelewa kwa sababu Bibi alikuwa bado dukani, na ilipofika saa saba kamili na sauti ya mama yake ikasikika, ilibidi aende kukaa kwenye gari kwanza.

Leo ililia saa sita juu ya alama. Bibi akataka kujua kama krispi zimevunjika. Zimevunjika, lakini shemeji alimwambia zimefika nzima.

Hilo la tarehe linawasumbua kwa mengi. Siku ya Mama Uingereza huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili, Marekani ni Mei. Mwaka wa kwanza Machi ilipita hakuna kadi hata moja dukani ya kumkumbusha. Tena kadi za hapa zimeandikwa "Mom" na Bibi ni "Mum". Sasa kadi namnunulia mimi Leicester na kuipeleka kwa mkono. Mvulana naye ameshaanza kusema maneno ya Kimarekani shuleni, lakini dada wanamwita "Mama" tu, Kiswahili, tangu wazaliwe, na ugomvi huo wa mom na mum haujawahi kuingia nyumba hii.

Jumatatu, 3 Novemba. New York

Treni ya dakika 50, shemeji akiwa kazini. Nilikwenda na dada hadi Greenwich Avenue, kwenye mkahawa wa Tea & Sympathy uliopo tangu 1990. Meza ndogo, chai kwenye birika la udongo, skonzi na jamu. Palikuwa pazuri. Risiti ilipokuja nikakumbuka kodi ya mauzo, asilimia 8.875 hapa mjini, ambayo haiandikwi kwenye bei, na bakshishi ya asilimia 20 juu yake. Shemeji ana kalamu maalumu ya kupigia hesabu hiyo. Inamchosha, lakini anaitoa kamili, kwa sababu anajua mhudumu anaitegemea kuishi.

Jumanne, 4 Novemba. Oak Tree Road

Nilimuuliza shemeji: ukiweka chai pembeni, chakula gani unakikosa zaidi? Nilitarajia aseme pai. Akasema, "Mogo."

Mogo ni muhogo wa kukaanga. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na baraza la mji wa Leicester likalipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja. Wakafungua maduka Belgrave Road, wakaja na wale wa Kenya na Tanzania, wakapika mogo yenye pilipili na ndimu, na mtoto wa fundi soksi akakua akila hiyo akitoka shule. Mimi nilipofika Leicester mara ya kwanza, mwenye duka la pale ndiye aliyenisalimia kwa Kiswahili nikasimama nikalia mbele ya nyanya zake.

Oak Tree Road, barabara ya karibu na kwao, ina maduka ya Kihindi mwendo mrefu, lakini hawa wamekuja moja kwa moja kutoka India, na mogo hawaijui. Tukanunua mihogo iliyogandishwa kutoka Amerika ya Kusini. Dada akaichemsha, akaikaanga, akapondaponda pilipili na kitunguu saumu. Shemeji alirudi kazini akasimama mlangoni kabla hajavua viatu. Tulikula kwa mikono, sote watano, kwenye sinia moja.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku wa Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 na baruti chini ya bunge la London. Kwao mioto huwashwa kila mahali. Hapa ni Jumatano kama nyingine. Ni mila iliyowahi kuwepo huku pia: Boston ya zamani walikuwa wakichoma sanamu ya Papa tarehe hii, mpaka George Washington alipoikataza jeshini mwake mwaka 1775.

Shemeji aliwasha moto kwenye karai la chuma uani, akafukia viazi vyenye maganda majivuni, akawapa watoto vile vijiti vinavyomwaga cheche. Waliandika majina yao gizani. Jirani wa pai ya tufaha akatokea uzioni kuuliza kuna sherehe gani, shemeji akamsimulia tangu baruti hadi leo, na yule mama akarudi ndani akaleta viti na mumewe na chupa ya sharubati ya tufaha. Walikaa nasi hadi moto ulipolala. Mwakani, wamesema, wanaleta kuni wao.

Ijumaa, 7 Novemba. Leicester

Nilisafiri usiku wa jana. Sanduku limerudi jepesi: chupa ya shira ya utomvu wa mti wa mepo, siagi ya karanga, picha ya mvulana akiwa na hogo lililoandikwa majina ya darasa zima, mbawa za kipepeo zimekunjwa kwenye mfuko.

Bibi alinifungulia mlango akiwa na ua lake kifuani. Akabonyeza birika, akaanza kuniuliza kama mkono umenyooka vizuri na kama dada analala. Maji yalichemka kabla sijamaliza kuvua koti.